Jigi ya kuogelea kwenye magugu: soma jani kwanza, kisha chagua jigi

Swali hili hurudi kila wanapokutana wavuvi wa fimbo, wawe wa Ziwa Naivasha au Waafrika Mashariki wanaovua kwenye maziwa ya Marekani: mbona nimenunua jigi iliyoandikwa kwamba haishiki majani, na kila nikiivuta inarudi na furushi zima la majani? Mara nyingi jigi haina kosa. Imetupwa kwenye majani ambayo haikutengenezewa, au imevutwa kama chambo cha aina nyingine. Na wakati mwingine si jigi ya kuogelea hata kidogo, ni ndugu yake tu wanaofanana wakiwa wametundikwa ukutani dukani.

Tuelewane maneno kwanza. Jigi ni ndoana ambayo shingoni imemwagiwa risasi au tangsteni, hivyo ndoana na uzito ni kitu kimoja na huhitaji chubwi. Nyuma ya kichwa huvalishwa sketi, ndizo zile nyuzi nyembamba za silikoni zinazochanua majini. Kichwani hupandwa brashi ya nyuzi za nailoni inayolala kuelekea kwenye ncha ya ndoana ili kuikinga na majani. Mkiani huchomekwa kipande cha mpira laini, na hicho tutakiita mkia. Jigi ya kuogelea, ambayo pakiti zake huandikwa swim jig, ni ile iliyoundwa ivutwe mfululizo katikati ya maji kama samaki mdogo anayepita njia yake. Jigi nyingine nyingi zimeundwa zishuke hadi chini, zikae, zirushwe kidogo, zikae tena.

Samaki anayelengwa ni besi mdomo mkubwa, yule wa kijani mwenye mstari mweusi uliovunjikavunjika ubavuni. Utamtambua kwa taya: akifunga mdomo, ncha ya taya la juu hupita nyuma ya jicho. Kwao ni Amerika Kaskazini. Naivasha aliletwa mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa mchezo, na baadaye amekuwa akiingia pia kwenye nyavu za wavuvi wa kibiashara. Yumo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, kwa hiyo yule anayepata wazo la kumbeba kwenye ndoo akampandikize bwawa la kijijini aliache wazo hilo hapo hapo.

Jigi yenyewe ilijipatia jina kwenye Mto Mississippi wa juu, hasa maeneo ya La Crosse, jimbo la Wisconsin, ambako Tom Monsoor, mvuvi wa mashindano na mtengenezaji wa jigi, ndiye anayetajwa sana kuhusu chambo hiki. Kutaja mahali hapo kuna sababu. Mto ule una maji ya kina kifupi, mkondo wa polepole, na majani ya kila namna yaliyosimama, yaliyolala na yaliyozama. Chambo kilizaliwa kikijibu majani hayo. Ukikihamishia kwenye majani mengine lazima ukirekebishe, na hapo ndipo video za mtandaoni zinapowapoteza watu. Mtu anamtazama bingwa wa Ziwa Guntersville, Alabama, akipitisha jigi juu ya haidrila, gugu la majini, iliyozama nusu mita chini ya uso wa maji, kisha yeye anakwenda kuitupa katikati ya gugu maji linaloelea Naivasha, halafu anashangaa.

Kwa nini besi akae majanini? Si kwa sababu anayala. Besi ni mla nyama anayevizia. Majani humpa kivuli, humficha, na humletea chakula mlangoni, maana samaki wadogo, vyura na kamba wa maji baridi nao hujificha humo humo. Yanaleta pia oksijeni mchana, mradi yawe hai na ya kijani. Majani yaliyoanza kuoza, ya kahawia na yenye harufu, hufanya kinyume chake: kuoza hula oksijeni. Gugu maji likifunga uso wa maji kabisa huzuia mwanga na hewa, na chini yake ndani kabisa maji huweza kuwa mabaya kwa samaki wengi. Besi hupenda kingo za uchafu ule, matundu yaliyomo ndani yake, na sehemu ambapo aina mbili za majani zinakutana. Ukiona mafunjo yanaishia na yungiyungi linaanzia, tupa hapo kabla ya pengine popote.

Sasa majani yenyewe, maana hapa ndipo uamuzi wote unapoanzia.

Kuna yanayosimama: matete, mafunjo na jamii zake. Shina limenyooka kwenda juu, na kati ya shina na shina kuna nafasi. Haya ndiyo rafiki mkubwa wa jigi ya kuogelea, kwa sababu kichwa chenye umbo la risasi ya bunduki kikigonga shina huteleza pembeni na kuendelea na safari. Makosa ya wengi ni kutupa kuelekea mafunjoni kisha kuvuta kutoka humo: jigi hukaa mahali penye samaki kwa mita moja tu, halafu mita ishirini zinazobaki inaogelea kwenye maji matupu. Panga mtumbwi uende sambamba na ukingo, utupe mbele kando ya ukuta wa mafunjo, na jigi ipite umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye mashina kwa urefu wote wa mtupo. Naivasha kuna sharti moja ambalo halimo kwenye vitabu vya Wisconsin. Kiboko naye anapenda ukingo ule ule. Vua kutoka kwenye mtumbwi, usiingie majini kwa miguu, na sehemu uliyomwona akizama iache.

Kuna yenye shina refu na jani linalolala juu ya maji, yaani mayungiyungi. Haya yana mtego mmoja wa kipekee. Jani la yungiyungi lina mpasuko kutoka ukingoni hadi pale shina linapoungana nalo, na mpasuko huo una umbo la V. Mshipi huingia humo, jigi hufuata, na kichwa hukwama kwenye pembe ya V. Ukivuta kwa hasira unaizamisha zaidi. Dawa yake ni kuinua fimbo juu ili mshipi uguse majani machache, kuilegeza jigi kidogo irudi nyuma, kisha kuirusha kwa kifundo cha mkono, si kwa bega zima. Tafuta vichochoro vya maji kati ya majani na uiongoze humo kwa kuelekeza ncha ya fimbo kushoto au kulia.

Kuna yaliyozama. Haidrila, milfoili na jamii zao hujaza maji kutoka chini lakini mara nyingi huacha nafasi kati ya vilele vyake na uso wa maji. Kwenye nafasi hiyo jigi ya kuogelea haina mpinzani mwingi. Inatakiwa ipite juu ya vilele, ikivigusa mara moja moja, si kulima ndani yake. Naivasha majani ya namna hii pamoja na mayungiyungi yaliwahi kupungua sana, na wataalamu wanawahusisha na hilo kamba wa Louisiana walioletwa ziwani mwaka 1970, ambao hukata na kula mimea ya majini. Ndiyo maana ushauri wa Guntersville unafaa nusu tu kwetu: kule mvuvi anapita juu ya majani, huku kwa sehemu kubwa anapita kando yake.

Halafu kuna adui wawili. Wa kwanza ni mwani wa nyuzinyuzi, ule utelezi wa kijani unaofanana na pamba iliyolowa. Hakuna brashi inayouzuia. Hujisokota kichwani, hufunika tundu la mshipi, na samaki hatagusa chambo chenye ndevu za kijani. Ukiuona, hama. Wa pili ni zulia linaloelea: gugu maji, salvinia, au majani yaliyosukumwa na upepo yakashikana. Jigi ya kuogelea haipiti juu yake vizuri na haitoboi kwenda chini. Kupita juu ni kazi ya chura wa mpira ambaye ndoana zake zimelala mgongoni. Kutoboa ni kazi ya uzito mkubwa, wakia 1 au zaidi, na kichambo chembamba. Kwa jigi ya kuogelea, zulia lina faida moja tu, nayo ni ukingo wake. Upepo ukilisukuma likaachana na mafunjo na kufungua mfereji wa mita mbili, pitisha jigi katikati ya mfereji huo.

Ukishajua jani, kuchagua jigi ni rahisi kuliko inavyosemwa. Anza na tundu la kufungia mshipi, kwa sababu ndilo linalotofautisha ndugu hawa wanaofanana. Kwenye jigi ya kuogelea tundu liko puani, limeinama kidogo tu, karibu pembe ya nyuzi 30. Kwenye jigi ya kutumbukiza vichakani tundu liko juu ya kichwa na limesimama, nyuzi 60 hadi 90, ili iinuliwe wima na kushushwa wima. Mbuzi aliyefungwa kamba shingoni ukimvuta vichakani atatanguliza pua na kupita. Mfunge mguu wa nyuma umvute kwenye kichaka hicho hicho, uone kama hatakwama kila baada ya hatua. Tundu likiwa juu, jani huingia kati ya mshipi na kichwa na kukaa hapo. Hakuna brashi itakayokuokoa.

Kuna jaribio la dukani lisilogharimu kitu. Shika jigi kwa mkono mmoja, kisha pitisha ncha ya kidole kuanzia puani kwenda kwenye sketi, juu na pande zote mbili. Kidole kinapaswa kuteleza. Kikikwama kwenye ukosi wa risasi, kwenye rangi iliyoziba nusu tundu, au kwenye macho ya plastiki yaliyochomoza, jani nalo litakwama hapo hapo. Kichwa cha mviringo mkubwa au cha bapa kilichokusudiwa kutambaa juu ya mawe kiache, hata kikiwa na rangi nzuri kiasi gani.

Brashi ndiyo inayobeba uongo mkubwa wa pakiti. Brashi haizuii jani kushika jigi. Inazuia jani kushika ncha ya ndoana, basi. Tena brashi ya jigi ya kuogelea hutakiwa kuwa laini kuliko ya jigi ya vichakani, kwa sababu besi anayeifukuza huuma mara moja akiwa mbioni, na brashi ngumu humsukuma, ndoana isimwingie. Nyingi zinatoka kiwandani zikiwa ngumu na ndefu mno. Zirekebishe hivi: bonyeza brashi kwa kidole gumba ilale, kisha itawanye kama kipepeo ifunike pande zote mbili za ncha badala ya kusimama kama fungu moja. Kata kwa mkasi ibaki imeipita ncha ya ndoana kwa milimita 3 hadi 5, si zaidi. Halafu ibonyeze tena juu ya ncha. Ikiwa unahitaji kukaza kidole kabla ncha haijakugusa, ng'oa nyuzi chache kwa koleo, mbili au tatu kwa wakati, ukijaribu kila mara. Kwenye matete ya nafasi unaweza kuondoa theluthi nzima bila shida. Kwenye mayungiyungi iache ilivyo.

Ndoana nayo huja kwa unene mbili. Ya waya mwembamba hupenya kwa urahisi na inafaa fimbo isiyo ngumu na majani machache. Ya waya mnene haikunjuki samaki akijifunga majanini, lakini inadai fimbo ngumu na mshipi usiotanuka, la sivyo haitaingia kwenye mfupa wa taya. Ukichanganya, yaani waya mnene na fimbo laini, utapata samaki wanaofuata mpaka karibu na mtumbwi kisha wanafungua mdomo na kuondoka. Ukubwa wa kawaida, kwa namba za ndoana zinazoandikwa kwenye pakiti, ni 3/0 hadi 5/0. Ukali upime kwenye ukucha: ncha nzuri hukwaruza na kushika, butu huteleza.

Uzito ndio unaoleta mabishano mengi, na imani iliyoenea ni kwamba jigi nzito hupenya majani vizuri zaidi. Ni kweli kwa jigi inayoshuka wima. Kwa inayoogelea ni kinyume. Nzito huzama ndani ya majani kila unapopunguza kasi, na ili ibaki juu inabidi uivute haraka kuliko samaki anavyotaka. Uzito ni usukani wa kina, si nyundo. Kwenye maji yasiyofika mita moja, au juu ya majani yaliyokaribia uso, tumia wakia 1/4, kama gramu 7. Kati ya mita moja na mbili tumia wakia 3/8, gramu 10 na nusu hivi. Kama utanunua moja tu, nunua hii. Wakia 1/2, gramu 14, iweke kwa ajili ya kina zaidi ya mita mbili, upepo mkali, au ukingo wa nje wa majani unaoshuka ghafla. Watu huchagua nzito kwa sababu inaruka mbali ikitupwa, na ni kweli inaruka. Lakini kwenye majani mtupo wa mita 20 ulioelekezwa vizuri una thamani kuliko wa mita 40 unaomalizikia usipopajua, kwa sababu kadiri samaki alivyo mbali ndivyo anavyopata nafasi ya kujifunga kabla hujamgeuza kichwa.

Mkia hubadilisha uzito bila kubadilisha jigi, na hili husahaulika mno. Mkia wenye kasia mwishoni, wa inchi 3 hadi 4, hupiga maji, hutikisa sketi, na huiinua jigi. Wakia 3/8 yenye kasia kubwa huogelea juu kama ya 1/4. Mkia mmoja wa kujikunja, wa inchi 4 au 5, hauna upinzani mwingi, huteleza kati ya mashina na hukubali kasi kubwa. Wa makucha mawili uko katikati na unafaa pale besi wanapokula kamba, jambo ambalo Naivasha si la kubahatisha. Majani yakizidi kuwa mazito, mkia uwe mwembamba zaidi. Kasia pana kwenye mayungiyungi ni ndoana ya pili ya kuokota majani.

Kuuvalisha mkia kuna namna. Ulaze kando ya ndoana, pua ya mpira ikigusa kichwa cha jigi, na uweke alama kwa ukucha pale ndoana inapoanza kupinda. Ingiza ncha katikati kabisa ya pua ya mpira, ipitishe ndani kwa kunyooka, na itokeze kwenye alama. Ikitokeza milimita tano kabla au baada ya alama, mpira utajikunja au kuvutika, na jigi itaogelea ubavu au itazunguka na kuusokota mshipi. Tone moja la gundi ya haraka shingoni huuzuia kuteremka. Sketi nayo mara nyingi ni ndefu. Ikate iishie kidogo tu baada ya kipindo cha ndoana ili mkia uonekane na upate nafasi ya kucheza. Kabla ya kutupa, iburute kando ya mtumbwi mita mbili. Inapaswa kusimama wima na kuyumba kidogo kushoto na kulia. Ikilala ubavu, rudi kwenye mkia, usilaumu jigi.

Rangi nitazipitia haraka kwa sababu zinapewa heshima zisizostahili. Samaki wadogo wa fedha wakiwepo na maji yakiwa masafi, nyeupe. Wakiwepo tilapia wachanga au jamii ya blugili, samaki wadogo wa kule Marekani, kijani cha kahawia chenye nyuzi chache za njano au rangi ya chungwa. Maji ya tope, kama yanavyokuwa Naivasha mara nyingi, nyeusi na buluu, kwa sababu kivuli cheusi huonekana dhidi ya mwanga wa juu hata pale rangi zenyewe hazionekani. Rangi tatu zinatosha mwaka mzima. Kina kikiwa kibaya, hakuna rangi itakayokitengeneza.

Kwa fimbo, tafuta urefu wa mita 2.1 hadi 2.25, nguvu ya kati hadi nzito, ncha yenye kupinda kidogo na kiuno kigumu. Ncha ikiwa ngumu kama mti, unamnyang'anya samaki chambo kabla hajakifunga mdomoni. Rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, yenye uwiano wa karibu 7 kwa 1 (mkono ukizunguka mara moja, kigurudumu huzunguka mara saba) hukusanya mshipi haraka samaki anapokukimbilia. Mshipi wa kusuka wa ratili 50, yaani unaohimili uzito huo bila kukatika, ndio wa majani mazito: hautanuki, na ukikazwa hukata mashina laini. Mayungiyungi yakiwa manene, panda hadi ratili 65. Kwenye maji masafi yenye majani machache, mshipi wa florokaboni wa ratili 15 hadi 20 hauonekani sana na unaruhusu ndoana nyembamba ifanye kazi. Nailoni ya kawaida hutanuka mno kwa umbali, na samaki akiingia majanini utakuwa unauvuta mshipi, si yeye. Fundo la Palomar linatosha kwa zote. Lilowanishe kabla ya kulikaza.

Kuvuta kwenyewe. Kabla ya kugusa majani, tupa kwenye maji ya wazi jirani na uhesabu polepole mpaka mshipi ulegee, ishara kwamba jigi imefika chini. Ukihesabu nne hadi chini na majani yamepanda hadi nusu ya kina, basi kwenye majani utaanza kuvuta ukifika moja au mbili. Jigi ikigusa maji, funga rili mara moja huku ukihesabu, na hesabu ikifika usisubiri. Anza na mzunguko mmoja wa mkono kwa sekunde, ncha ya fimbo ikiwa imeinuliwa kwenye maji ya kina kifupi na kushushwa kwenye kina kirefu. Unachotafuta mkononi ni mdundo mdogo wa mara kwa mara, jigi inavyogusa vilele vya majani. Ukikosa mdundo kabisa uko juu mno, punguza kasi. Ukihisi uzito wa kulowa unaoongezeka taratibu, umeingia ndani. Ongeza kasi au inua fimbo. Tikisa ncha ya fimbo kidogo kidogo huku ukiendelea kukunja, sketi ifunguke na kujifunga, lakini usigeuze mtikiso kuwa mirusho mikubwa inayoitoa jigi kwenye njia yake.

Jigi ikishika jani, wengi huvuta kwa nguvu moja ndefu. Jani hung'oka na kuja nalo. Badala yake legeza sentimita kumi, kisha piga kwa kifundo cha mkono mpigo mfupi mkavu. Jani hukatika au kuteleza, na jigi huruka mbele kama kitu kilichoshtuka. Besi aliyekuwa anafuata kwa kusitasita mara nyingi huuma wakati huo huo, kwa hiyo kaa tayari. Ukifika kwenye tundu la maji kati ya majani, acha kukunja kwa sekunde moja, jigi izame kiasi cha shubiri, kisha endelea.

Mng'ato wa besi kwenye jigi inayoogelea hauji sikuzote kama kipigo. Huja kama mshipi uliolegea ghafla, maana samaki amekula akiwa anakuja upande wako. Au kama jani zito ambalo halikupata muda wa kuwa zito. Hapa imani ya kuvuta kwa nguvu papo hapo hugharimu samaki wengi. Endelea kukunja mpaka fimbo ipinde kwa uzito wake, ndipo uifagie pembeni kwa mkono imara. Akikosa, usitoe jigi majini. Iache izame kidogo, uendelee kwa kasi ile ile, kwa sababu hurudi.

Sekunde tatu za kwanza baada ya ndoana kuingia ndizo zinazoamua. Inua kichwa chake na ukunje bila kusimama, mwili wake uje juu ya majani ukiteleza kwa tumbo. Ukimpa mshipi uliolegea hata kidogo hupiga mbizi, huzunguka mashina mawili, na kuanzia hapo unavutana na kichaka. Ikitokea hivyo usimvute kwa fimbo iliyopinda, maana ndoana hupanua tundu na kutoka. Weka mshipi umekazwa kiasi, sogeza mtumbwi mpaka uwe juu yake, shuka na mshipi kwa mkono hadi kwenye majani, na uyatoe majani na samaki kwa pamoja kwenye wavu. Kisha pitisha mita moja ya mwisho ya mshipi kati ya vidole. Ukihisi umekwaruzika au umechanika nyuzi, kata, funga upya, na uitazame brashi: baada ya samaki mmoja mkubwa mara nyingi huwa imelala upande mmoja na ncha iko wazi, tayari kuokota jani la kwanza itakalokutana nalo.